Mcheza Kwao Hutunzwa, Ila na Nani?

Januari 1951, Rais wa Ujerumani Magharibi, Theodor Heuss, alimwandikia Albert Einstein kule Princeton, Marekani. Alikuwa na ombi: Einstein arudi kwenye kundi dogo la wanasayansi na wasanii wanaovaa nishani ya Pour le Mérite, kundi alilochaguliwa kuingia mwaka 1923 na kujitoa mwaka 1933, Hitler aliposhika dola. Heuss hakuwa Mnazi na ombi lake lilikuwa la heshima. Einstein hakuzunguka. Alijibu kwamba baada ya Wajerumani kuwaua Wayahudi kwa halaiki, Myahudi anayejiheshimu hawezi kutaka jina lake lihusishwe na chombo chochote rasmi cha Ujerumani.

Kila nikikutana na habari hii najiuliza swali lilelile, la kitoto kidogo. Kwa nini rais wa nchi ambembeleze mtu avae kipande cha dhahabu shingoni? Sisi tumezoea kinyume chake. Siku ya sherehe za kitaifa orodha inasomwa, anayetajwa anapanda jukwaani, anainamisha kichwa, anavishwa, makofi yanapigwa. Kama kuna wa kuomba, basi ni yule anayetamani kuvishwa. Hapa mtoaji ndiye aliyebisha hodi, na mlango haukufunguliwa.

Tunalo neno letu moja ambalo nalipenda kuliko "kutunuku", nalo ni kutunza. Taarabu ikinoga, mama anainuka kitini, anakuja mbele taratibu mabega yakicheza, noti ameibana kati ya vidole viwili, anamkabidhi mwimbaji au anambandika kwenye paji la uso. Hakutumwa na mtu. Anaujua wimbo, anaijua sauti, na pengine ana salamu zake kwa aliyekaa safu ya pili. Mwimbaji naye anaijua thamani ya noti ile kwa kumtazama aliyeitoa: elfu moja ya mwimbaji mkongwe ina uzito ambao elfu kumi ya mlevi haina. Historia ya Pour le Mérite, nionavyo mimi, ni mabishano ya karne mbili juu ya jambo hilohilo, yaani mkono wa nani ndio unaotunza.

Mwanzo ulikuwa mkono mmoja tu. Friedrich II wa Prussia, ufalme mkubwa wa Kijerumani wa wakati ule, alipokalia kiti cha enzi mwaka 1740 alianzisha nishani hii na kuipa jina la Kifaransa, maana ndicho kilichozungumzwa katika baraza lake. Maana yake ni "kwa anayestahili". Wengi aliowavisha walikuwa maofisa wa jeshi, lakini mfalme yule alipenda pia watu wa kalamu. Mwaka 1750 alimvisha Voltaire, Mfaransa mwenye ulimi wa upanga, aliyekuja kuishi naye Potsdam. Mapenzi hayakuchelewa kugeuka shubiri. Voltaire aliandika tashtiti ya kumdhihaki Maupertuis, mkuu wa Akademia ya Berlin, naye kipenzi cha mfalme. Desemba 1752 mfalme akaamuru kijitabu kile kichomwe moto hadharani. Miezi michache baadaye Voltaire aliondoka, na alipofika Frankfurt wakala wa mfalme akamzuia njiani. Alidaiwa vitu vitatu: kitabu cha mashairi ambayo mfalme mwenyewe alikuwa ameyatunga, ufunguo wa cheo chake cha ikulu, na nishani. Mtu aliyetunzwa kwa ajili ya kalamu yake alikaguliwa mizigo kama mpangaji anayehamishwa usiku.

Nishani inayotolewa kwa mahaba huondoka na mahaba. Mwaka 1810 Friedrich Wilhelm III aliondoa utata wote: raia hawakuwamo tena, ikawa ya ushujaa vitani tu.

Sehemu inayonivutia inaanza tarehe 31 Mei 1842, siku ileile ambayo Friedrich II alikuwa amerithi kiti miaka 102 nyuma. Mfalme sasa ni Friedrich Wilhelm IV, na pembeni yake yupo Alexander von Humboldt, mzee wa miaka 72, msafiri wa Amerika ya Kusini na Siberia, mtu aliyeandikiana barua na nusu ya wasomi wa Ulaya. Kwa ushauri wake mfalme aliianzishia nishani tawi la amani, kwa ajili ya sayansi na sanaa. Nafasi 30 zilikuwa za watu wa taifa la Kijerumani, na wageni wasizidi 30. Humboldt akawa kansela wa kwanza, yaani mkuu wa kundi.

Ukiitazama kwa karibu, nishani yenyewe haina makeke. Katikati ameketi tai wa Prussia. Kumzunguka kuna herufi F ya Friedrich, imeandikwa maradufu na kurudiwa pande nne kama msalaba, na pembeni kabisa pana mviringo wenye maneno Pour le Mérite juu ya rangi ya buluu, pamoja na mataji manne madogo. Utepe wake ni mweusi wenye kingo za fedha, nayo huvaliwa shingoni. Mfalme mpya hakuweka herufi zake. Alijificha nyuma ya babu yake mkubwa.

Akafanya na jambo jingine, la maana zaidi: aliachia kisu wenye nyama. Mwanachama Mjerumani akifariki, waliobaki hupiga kura kumchagua wa kujaza nafasi yake, kisha mfalme huweka sahihi. Hakuna kiti cha 31. Uwe umegundua dawa, uwe umeandika sinfonia ya kuliza mawe, utasubiri mtu afe, na hata hapo wenzako wakubali kwamba unastahili. Ni kanuni yenye ukatili wake. Lakini ndiyo iliyoifanya nishani iwe na bei, kwa sababu Gauss akikupigia kura hakuna anayeweza kusema umependelewa na ikulu.

Nimemtaja Gauss kwa makusudi. Mwanahisabati yule aliishi Göttingen, chini ya mfalme wa Hannover, si wa Prussia. Jacob Grimm naye, yule wa hadithi na kamusi, alikuwa amefukuzwa kazi Göttingen mwaka 1837 pamoja na maprofesa wenzake sita kwa kupinga mfalme wa Hannover kuifuta katiba. Prussia ilimpokea Berlin, na mwaka 1842 akawa miongoni mwa wa kwanza kuvishwa. Kumbuka kwamba nchi iitwayo Ujerumani haikuwepo hadi mwaka 1871. Kanuni zilipoandika "taifa la Kijerumani" zilikuwa zinaunda kwa kalamu kitu ambacho wanasiasa na mizinga walikuja kukiunda miaka 29 baadaye. Katika orodha ya wageni alikuwemo Michael Faraday, mtoto wa mhunzi wa Kiingereza. Darwin aliingia mwaka 1867.

Kanuni zile zilikuwa na kifungu kimoja cha ajabu: elimu ya dini haimo. Mwanatheolojia, hata awe bingwa namna gani, asiingie kwa sababu ya theolojia yake. Kifungu hiki tutakirudia, kwa kuwa historia ina ucheshi wake.

Je, kura ya wenzako inatosha kukusafisha na mkono wa mfalme? Ludwig Uhland hakuona hivyo. Mshairi huyu alikuwa mjumbe wa bunge la Frankfurt la mwaka 1848, bunge lililojaribu kuiunganisha Ujerumani kwa katiba na kumpelekea Friedrich Wilhelm IV taji la nchi nzima. Mfalme alilikataa taji lile, na baada yake wengi waliopigania uhuru waliishia jela au uhamishoni. Mwaka 1853 Uhland akapewa nishani ya mfalme yuleyule. Alikataa. Humboldt, mzee sasa wa miaka 84, alijaribu kumbembeleza; Uhland akashikilia kwamba kuivaa kungegongana na misimamo ambayo ameiandika na kuitetea maisha yake yote. Namheshimu Humboldt, lakini hapa nasimama na Uhland. Aliona kwamba hata wapiga kura wakiwa wasafi kiasi gani, sahihi ya mwisho chini ya karatasi ni ya mtu mmoja.

Sahihi hiyo ilitumika vibaya pia. Baada ya vita vilivyoiunganisha Ujerumani, Jenerali Moltke na Kansela Bismarck, ambao tayari walikuwa na ile ya vitani, waliongezewa ya sayansi na sanaa. Moltke aliandika vizuri, nakubali. Kwa Bismarck sina la kusema.

Mtihani wenyewe ulikuja Novemba 1918. Mfalme alikimbilia Uholanzi, na katiba ya jamhuri mpya iliyoanza kutumika mwaka 1919, ibara ya 109, ikakata mzizi: dola isitoe nishani, na Mjerumani asipokee nishani ya serikali ya kigeni. Ile ya vitani ilikufa palepale. Ya raia ilitakiwa kufa nayo. Haikufa, na aliyeiokoa ni Adolf von Harnack, kansela wake tangu mwaka 1920, mwanahistoria wa kanisa. Ndiyo, mwanatheolojia. Aliingia kundini kwa mlango wa historia, na sasa akawa mlinzi wa nyumba ambayo kanuni zake zilimfungia mlango wa mbele. Hoja yake ilikuwa nyepesi: kama sisi wenyewe ndio tunaochaguana, dola haihitajiki. Tutakuwa chama huru cha wasomi na wasanii. Mwaka 1924 serikali ya Prussia iliwatambua kwa sura hiyo.

Hapo ndipo kanuni ya mwaka 1842 ilipolipa deni. Nishani iliyokuwa mfukoni mwa mfalme ingeondoka na mfalme. Hii ilibaki na wenyewe. Nadhani hiyo ndiyo miaka yake bora kabisa, miaka ambayo haikuwa na mwenye enzi wala serikali juu yake. Ndipo walipoingia Einstein na mchoraji Max Liebermann. Na mwaka 1929, miaka 87 baada ya kuanzishwa, ndipo alipoingia mwanamke wa kwanza, Käthe Kollwitz, msanii wa michoro ya mama wanaokumbatia watoto waliokufa. Miaka 87! Wanaume thelathini wakiachiwa kuchaguana wenyewe kwa wenyewe huona wanaume. Uhuru wa kura haukuwatibu upofu huo.

Wanazi walipokuja hawakuhangaika kuipiga marufuku. Waliinyima chakula. Einstein aliomba jina lake litolewe; mchonga sanamu Ernst Barlach alikuwa amechaguliwa mwanzoni mwa 1933, na haukupita muda kazi zake zikaanza kuondolewa kwenye makumbusho. Baada ya hapo uchaguzi mpya haukuruhusiwa. Kundi linaloishi kwa kura likinyimwa kura, linakufa kwa umri: wazee wanazikwa mmoja mmoja, viti vinabaki vitupu. Max Planck, aliyekuwa kansela, alifariki mwaka 1947. Kufikia wakati huo waliobaki walihesabika kwa vidole.

Narudi kwa Heuss, kwa kuwa sasa barua yake kwa Einstein inaeleweka. Alikuwa akiokota makaa kwenye jivu kabla hayajazimika. Tarehe 31 Mei 1952, miaka 110 kamili tangu kuanzishwa, kundi lilifufuliwa, na miaka miwili baadaye rais akawa mlezi wake. Leo viti ni 40 kwa Wajerumani na 40 kwa wageni. Kila mwaka, mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, wanakutana mbele ya umma katika ukumbi wa Konzerthaus mjini Berlin. Wanasoma maneno ya kuwakumbuka waliofariki, kisha mwenzao mmoja anasimama kumsifu mgeni, mgeni anajibu, na nishani inawekwa shingoni.

Mwaka mmoja kabla ya ufufuo huo, tarehe 7 Septemba 1951, Heuss huyohuyo alikuwa ameanzisha nishani nyingine tofauti kabisa, Bundesverdienstkreuz, ambayo tunaweza kuiita Msalaba wa Sifa wa Shirikisho. Hii ni ya kila mtu. Raia yeyote anaweza kupendekeza jina la mwenzake, ila si lake mwenyewe, na haina hata senti ndani yake. Wa kwanza kuvishwa, Septemba 19 mwaka huo, alikuwa mchimba madini, Franz Brandl, aliyewaokoa wenzake wawili mgodi wa shaba ulipovamiwa na maji. Ni mwanzo mzuri ambao mtu angependa kuuona. Lakini mlango mpana hupitisha na wasiostahili. Mwaka 1964 alivishwa Heinrich Bütefisch, mkurugenzi wa zamani wa kampuni ya kemikali ya IG Farben aliyehukumiwa Nuremberg, kwenye kesi za baada ya vita, kwa makosa ya utumwa wa wafungwa. Kelele zilipigwa, na muda mfupi baadaye nishani ikachukuliwa. Tangu 1951 imetolewa zaidi ya mara 250,000. Helmut Schmidt, aliyewahi kuwa kansela wa nchi, aliikataa kwa sababu watu wa Hamburg kwa mila yao ya kibiashara hawavai nishani za mabwana. Sina ubaya nayo. Mchimba madini yule hangepata kura ya akina Gauss hata angeokoa mgodi mzima.

Na hapa ndipo ninapotaka kuleta kinyongo changu, maana nishani ya Pour le Mérite si habari ya mbali kwa msomaji wa Kiswahili.

Matawi yake yote mawili yamepita katika ardhi yetu. La vitani alilipata Paul von Lettow-Vorbeck, Novemba 1916, akiongoza vita Afrika Mashariki ya Kijerumani, na mwaka uliofuata akaongezewa majani ya mwaloni, yaani daraja la juu zaidi la nishani hiyohiyo. Kuhusu vita hivyo nisiseme mengi. Jina la Kariakoo, ambalo Dar es Salaam nzima hulitamka kila siku, ni kumbukumbu ya wapagazi waliokuwa chini ya Waingereza, waliokufa kwa makumi ya maelfu. Waliobebeshwa upande wa Lettow nao walikufa njiani, kwa njaa na magonjwa, bila hata soko la kuwakumbuka.

La amani lilimfikia Robert Koch mwaka 1906, mwaka mmoja baada ya Nobeli. Mwaka huohuo alikuwa huku. Alifikia kwanza Amani, kwenye milima ya Usambara, palipokuwa na taasisi ya utafiti ya Wajerumani tangu 1902. Alikuwa akitafuta dawa ya malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, na wagonjwa wa kutosha hakuwapata huko. Akahamia visiwa vya Ssese katika Ziwa Viktoria, upande wa Uganda, ambako malale ilikuwa imeua zaidi ya watu 200,000 tangu mwanzoni mwa karne. Watu walikuja kambini kwake kwa mitumbwi, wengine wakibebwa, kwa sababu habari ilikuwa imeenea kwamba Mzungu ana sindano.

Sindano ile ilikuwa ya Atoxyl, dawa yenye aseniki. Mwanzoni iliwapa nafuu. Wadudu wa malale walipotoweka kwenye damu kisha wakarudi, Koch aliongeza kipimo, kutoka nusu gramu hadi gramu nzima. Wagonjwa wakalalamika maumivu na kizunguzungu, kisha macho yakaanza kufifia. Zaidi ya watu 20 walipofuka moja kwa moja. Kipimo kikubwa kikasitishwa, lakini Atoxyl yenyewe haikuachwa. Iliendelea kudungwa katika kambi ambazo serikali ya Kijerumani ilizifungua kando ya ziwa, Kigarama huko Kiziba na Shirati huko Mara.

Nimtendee haki Koch: nishani hakupewa kwa ajili ya Ssese. Alipewa kwa kifua kikuu, kwa kimeta, kwa kipindupindu, kazi ambazo hata mimi ninayeandika haya nimefaidika nazo. Wenzake waliompigia kura walizijua kazi hizo. Ila methali inasema mcheza kwao hutunzwa, na Koch alicheza kwetu akatunzwa kwao. Katika kura ya wenye hadubini hakuna kiti cha aliyedungwa sindano. Lile kundi linalojivunia kutopangiwa na mfalme halikuwa na njia yoyote ya kumsikia mgonjwa wa Ssese, kama lilivyokuwa halina njia ya kumwona Kollwitz kwa miaka 87.

Mwaka huohuo wa 1906, Mjerumani mwingine alikuwa kaskazini zaidi, Aksum, Ethiopia, akinakili maandishi ya mawe ya wafalme wa kale. Aliitwa Enno Littmann, bingwa wa lugha za Kisemiti, mtu ambaye baadaye aliitafsiri Alfu Lela Ulela nzima kwa Kijerumani moja kwa moja kutoka Kiarabu. Kundi lilipofufuliwa mwaka 1952, alikuwa mmoja wa wazee wachache waliobaki, na ndiye aliyefanywa kansela. Mara moja, basi, nishani ya Prussia iliongozwa na mtu ambaye Afrika ilikuwa kwake mahali pa kusoma, na wino wa Aksum ulimwingia zaidi ya siasa za Berlin. Nimeweka hilo kwenye mizani pamoja na Koch, na mizani haijatulia.

Jibu la Einstein halikuwa la mwisho kuletwa kutoka ughaibuni. Mwaka 1957 mwaliko ulipelekwa Stockholm kwa Lise Meitner, mwanafizikia aliyezaliwa katika familia ya Kiyahudi ya Vienna, aliyetoroka Berlin mwaka 1938 akiwa na sanduku dogo, na miezi michache baadaye akiwa uhamishoni akaeleza jinsi kiini cha atomu ya urani kinavyopasuka. Mwenzake wa maabara aliyebaki Berlin, Otto Hahn, alichukua Nobeli peke yake kwa ugunduzi huo, na kwenye kundi alikuwa ameshatangulia tangu 1952. Meitner alikuwa na kila sababu aliyokuwa nayo Einstein, na moja ya ziada. Alikubali.